Mji wa Mama

Mji ulikuwa na jina mpaka Jumanne. Jumatano watu waliamka wakakuta kibao cha njiapanda kimekuwa cheupe pe, na kila aliyeulizwa anakokaa alifungua mdomo, akaufunga, akaishia kunyoosha kidole. Kufikia Ijumaa walikwisha kuzoea. Binadamu tumeumbiwa kuzoea: mnyang'anye mtu jina la kwao leo, kesho atakwambia anakaa kule kwenye mnara, na keshokutwa atakununia ukimkumbusha kwamba kule kwenye mnara kulikuwa na jina.

Semeni hakuzoea. Ijumaa hiyo alitoka kazini kabla ya saa yake, mtandio kaufunga kooni kama mwenye mafua, akawa anakwenda nusu mbio bila kusalimu watu. Njia nayo ilimchezea. Tangu mitaa ipoteze majina, hakuna aliyejua tena ni upi unafuata upi. Mtu alipita duka la unga mara tatu bila kukata kona, na ukuta uliokuwa mwisho wa safari jana, leo ulikuwa mwanzo wake. Saa ya mnarani ilikwisha kuacha kuhesabu mchana na jioni. Ilionyesha kitu kimoja tu, bado dakika ngapi Kibogoyo aanze. Semeni hakuitazama. Alijua jina la mji lilikwenda wapi, kwa kuwa lilipita mdomoni mwake. Na leo asubuhi kilikuwa kimepita kitu kingine, kikubwa kuliko mji, naye alitaka kufika nyumbani akute kwamba alisikia vibaya.

Inanibidi nieleze hili la mdomo, la sivyo mtaniona naweweseka. Ipo nyumba isiyo na madirisha, Nyumba ya Sauti wanaiita, na ndani yake kuna chumba kilichovikwa magodoro ukutani. Humo Semeni alikuwa akijipatia riziki kwa kumsemea Kibogoyo. Kibogoyo ni katuni. Hana jino hata la dawa, tumbo limemtangulia, kofia imemfika machoni, na watoto wa nchi nzima walimpenda kuliko walivyompenda mtu yeyote mwenye meno. Walimtazama kwenye Kioo, kile kibao chembamba cha kushika mkononi, na kupitia Kioo hicho hicho walimjibu. Hawakujua kwamba yule wanayezungumza naye ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye nyumbani hutwanga vitunguu saumu na kugombana na bomba la maji. Mkataba ulikataza wasijue. Hata Hidaya, mtoto wake wa pekee, wa miaka sita, hakujua. Hidaya alimpenda Kibogoyo kwa moyo wote, na mama yake kwa moyo uliobaki.

Mchezo wenyewe ni ule ule wa bibi zetu. Mmoja anatega kitendawili, wenzake wanajaribu kukitegua, wakishindwa mtegaji anadai: nipeni mji. Wanampa mji, hasa mkubwa na wa mbali, naye ana haki ya kuukataa akiuona mdogo. Akiukubali anaanza kujisifu alivyoutembea, alivyopokewa, alivyolishwa akashiba, ndipo anatoa jibu. Jibu likishatoka, mji unarudi kwa wenyewe. Hilo la kurudi halikuwahi kusemwa na mtu, maana halikuhitaji kusemwa. Bibi Mgeni, mama yake Semeni, Mungu amrehemu, alipewa kila mji wa pwani na wa bara, akala wali wa hewani katika yote, na kulipokucha miji ilikuwa pale pale, watu wake wanapiga mswaki.

Kibogoyo aligeuza kitu kimoja tu. Alitega, akadai mji, akasema "Nimepokea", na jibu hakutoa. Jibu, alisema kwa ule ufizi wake mwekundu, linaonekana kwenye Kioo cha Saba peke yake. Nyumba nyingi zilikuwa na cha Nne, au cha Tano kwa waliojikaza. Kwa bei ya cha Saba mtu angeezeka nyumba upya na bati zikabaki. Wapo walioezua ili wanunue. Nao walipokiwasha walimkuta Kibogoyo ndani anacheza, anawaambia hongereni, sasa jibu limehamia cha Nane. Na miji haikurudi. Ilianza na ile ya mbali, ambayo hakuna aliyekuwa na safari nayo, ikasogea, ikasogea, mpaka Jumanne.

Kabla mtoto hajakitaka kitu, kule kukitaka kunakaa wapi? Ndilo swali lililomkosesha Semeni raha tangu siku alipotia saini. Hidaya alizaliwa na njaa, sawa, na baridi, na woga wa kuachwa. Hakuzaliwa na hamu ya Kioo cha Saba. Hamu hiyo ilitoka mahali, ikavuka ukuta, ikaingia kwa sikio, ikajikunja kifuani mwa mtoto na kuanza kusema "mimi". Mimi nataka. Huyo mimi ni nani? Semeni alikaa chumbani mle mwenye magodoro akaisikia sauti yake ikipanda na kushuka, ikibembeleza, ikichekesha, na alijua pale palipo na kicheko ndipo hamu inapopandwa, maana mtoto anayecheka mdomo uko wazi. Akapokea mshahara. Akanunua mchele. Mchele ule ule akamlisha Hidaya.

Mwanzoni Hidaya alikuwa anaomba. Aliomba asubuhi, aliomba akioga, aliomba katikati ya dua, akiwa amenyanyua mikono. Halafu akaacha, na hapo ndipo Semeni alipoanza kuogopa. Hidaya alikata boksi la sabuni kwa mkasi, likawa na ukubwa wa Kioo cha Saba, akachora pembeni ile alama yake, akawa anatembea nalo, analala nalo, analipapasa kwa kidole. Boksi halikuwaka. Ukimuuliza anafanya nini, alijibu kwa upole wa mtu mzima, "Ngoja kidogo, inazunguka."

Sasa ya Ijumaa asubuhi. Semeni alitega kama alivyoandikiwa: kikiwa kwa jirani ni chenyewe, kikifika kwangu si chenyewe. Majibu ya watoto yakamjia masikioni kama mvua juu ya bati. Kivuli, wakasema. Harufu ya pilau. Mwezi. Mengine yalikuwa mazuri kiasi kwamba mtu mwenye haki angeyakubali. Kibogoyo akacheka, mmeshindwa, nipeni mji. Miji mikubwa ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo watoto wakawa wanatoa vijiji, vituo, visima. Na katikati ya kelele ile ikapenya sauti yenye mapengo mawili ya mbele.

"Nakupa mji wa mama."

"Nimepokea," akasema Semeni.

Ulimi ulimtangulia. Neno hilo alilisema mara mia kwa siku, lilikuwa linatoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka ndipo akaijua sauti. Hidaya alimaanisha mji huu, huu wenye mnara. Alikosa jina lake kwa sababu mtoto mwingine alikwisha kulitoa Jumanne, basi akaueleza kama anavyojua: mji wa mama, mama anakokaa. Lakini lugha yetu ina mlango wa nyuma. Mji ni huu wenye maduka, na mji ni ule wa tumboni, mji wa mimba, tulikolala sote kabla ya kupewa majina. Mtoto alitoa ule wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa umekwisha kutolewa, na kitu hakitolewi mara mbili. Kwa hiyo ukaenda wa pili.

Alipofika nyumbani alifunga mlango wa chumbani, akafungua kanga, akajitazama. Hidaya alizaliwa kwa kupasuliwa, na mshono wake ulikuwa chini ya kitovu, mnene, wenye kuwasha kila mvua ikikaribia. Semeni akapapasa. Tumbo lilikuwa laini kama la msichana asiyejua kitu. Akasugua kwa mate. Hakukuwa na mshono.

Kila siku saa kama hiyo Hidaya alirudi kutoka kwa jirani, Mama Shani, na kila siku aliufungua mlango kwa teke, akagombezwa, kesho akarudia. Semeni akasimama katikati ya chumba akiliomba teke lile. Mlango ukagongwa kidogo, kwa kidole kimoja.

"Hodi," ikasema sauti nje. "Hodi wenyewe."

Hodi, katika nyumba aliyotambaa sakafu yake! Semeni akasema karibu. Mtoto akaingia, akavua ndara akazipanga pembeni, boksi lake kwapani, akampa shikamoo ya mgeni, ile ya kuinamisha kichwa. Akauliza kama anaweza kukaa mpaka Kibogoyo aanze, maana kule alikotoka wamempokonya Kioo. Semeni akamuuliza unaniita nani. Hidaya akafikiri, hakutaka kumkosea adabu mtu mzima. Akasema, "Shangazi?" Fulana ilikuwa imempanda kidogo, na Semeni akaona kwamba mtoto hana kitovu. Palikuwa pamejifuta, pameota ngozi.

Alikula kama mgeni, akaacha tonge moja la heshima. Alilala mkekani. Asubuhi shuka alikuwa ameikunja mara nne, akasema ahsante, leo nitaondoka. Kwenda wapi, hakujua. Wala hakulia, na hilo ndilo lililomkata Semeni maini.

Maana yeye naye kumbukumbu ya mtoto ilikuwa inampungua. Siku aliyozaliwa ilikuwa ya ngapi. Palikuwa na mvua. Mvua naikumbuka. Nesi mwenye mkono baridi. Nilikwenda pale kufanya nini? Nilikwenda kumwona mtu. Mtu gani. Sina mtoto mimi, ninaye mgeni mwenye mapengo. Hapana. Ninaye. Aliniuma ziwa la kushoto. La kushoto au la kulia? Shika hilo, Semeni, la kushoto, usiliachie.

Alilishika njia nzima mpaka Nyumba ya Sauti, akilirudia kwa midomo, la kushoto, la kushoto, watu wakimpisha.

Bwana Faki, msimamizi wa pale, alikuwa mtu mpole wa kunukia karafuu, asiyepandisha sauti hata akikufukuza. Alimkaribisha kahawa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli, akasema hata yeye jina la kijiji chao hana, na mama yake yuko huko mgonjwa, hajui amwelekeze vipi dereva. Semeni akamwambia anataka kitu kimoja tu, jibu. Jibu likitolewa mji unarudi, ndivyo mchezo ulivyo tangu bibi na bibi.

Bwana Faki akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ya vitendawili, akamgeuzia. Upande wa maswali ulikuwa umejaa wino. Upande wa majibu ulikuwa mweupe kama vile vibao.

"Hakuna aliyeandika majibu, Bi Semeni," akasema. "Jibu likitoka, mtoto anakwenda kucheza na wenzake. Sisi tutakula nini?"

Semeni akamuuliza, na wewe hujiulizi kama lipo? Akajibu kwamba zamani alikuwa anajiuliza, ila kwa sasa naye anasubiri Kioo cha Nane. Alilisema hilo bila haya, na macho yake yalikuwa yanazunguka pole pole, kama ya Hidaya juu ya boksi. Semeni akaacha kahawa bila kuionja. Alipotoka alisikia nyuma yake mlango wa chumba cha magodoro ukifunguliwa, na mtu mwingine anakohoa kusafisha koo.

Nyumbani ilikuwa alasiri. Hidaya alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, ndara zimewekwa tayari zikielekea mlangoni. Semeni akakaa mbele yake. Alikuwa hana jibu. Mkataba alikuwa nao bado, ila ulikuwa karatasi tu. Akavuta pumzi, akaingiza midomo ndani juu ya meno kama alivyofanya kila siku ya kazi, akaita kwa sauti ya Kibogoyo, "Hebu mwone huyu mwenye mapengo kama yangu!"

Uso wa mtoto ukawaka. Akageuza boksi huku na huku. Akatazama nyuma ya mtungi, akatazama mwavuli uliotundikwa. Semeni akaita tena. Macho ya Hidaya yakatua mdomoni mwake, yakabaki pale muda mrefu.

"Umemmeza?" akauliza.

"Nimemmeza."

"Mwambie atoe jibu."

Hapo Semeni alijiona ana njia mbili. Angeweza kubuni jibu lolote, mtoto angeamini, na kesho lingekuja swali jingine. Au angefanya jambo ambalo Kibogoyo hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Sina jibu," akasema Kibogoyo. "Nimeshindwa na kitendawili changu mwenyewe. Dai mji."

Hidaya akakaa sawa. Hakuwahi kuwa upande huo wa mchezo, upande wa kudai. Kiti kile kilimtisha kidogo, kikampendeza. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyoona kwenye Kioo. "Basi nipe mji."

"Nakupa mji wa mama."

Mtoto akapima. Akakunja pua. "Huo mdogo," akasema. "Sitaki. Nipe mji wenye Kioo cha Saba."

 Semeni alikuwa amesahau haki ya mdai. Miji yote ya nchi, aliyoipokea kwa mdomo wake, alikuwa nayo, mikubwa kwa midogo, angeweza kummwagia yote pale mkekani, na mtoto akiukubali mmojawapo mchezo ungekwisha. Angefunga boksi lake akaenda kukaa huko, mgeni wa kila nyumba. Akashika lile alilobakiwa nalo, la kushoto, na kutoka hapo akaanza kujisifu, kama mtegaji anavyojisifia mji aliopewa.

Nilikwenda mji huo, akasema Kibogoyo. Taa hazimo. Njia hakuna, kuna maji, na mkazi ni mmoja. Huyo mkazi ni mtawala na ndiye raia, hana wa kumwonea. Ngoma inapigwa usiku na mchana, haikosi pigo, naye anaicheza kichwa chini miguu juu. Mwenye mji akila ukwaju, mkazi anapiga teke ukuta. Mwenye mji akilia, ngoma inakwenda mbio, mkazi anatulia kusikiliza. Siku ya kutoka akakataa lango. Akakaa kitako mlangoni, ikabidi ukuta ukatwe, mvua inanyesha, nesi ana mkono baridi. Sijaona mji wenye mkazi mkaidi kama ule.

Hidaya alikuwa amesogea. "Kulikuwa na Kioo?"

"Hapana."

"Sasa alikuwa anatazama nini?"

"Hakuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza sauti."

"Sauti ya nani?"

Midomo ya Semeni ilichoka kukunjwa. Meno yakatokea yenyewe, na lililofuata lilitoka bila Kibogoyo, kwa sauti nene kidogo, yenye mikwaruzo ya kupiga kelele bombani. "Yangu," akasema. "Nilikuwa naongea naye kutwa nzima. Nilikuwa sijaanza kazi."

 Kwa Mama Shani, ng'ambo ya ukuta, Kibogoyo alikuwa ameanza. Kilikuwa kicheko kile kile, ufizi ule ule, ila mdomo mpya. Alikuwa anatega. Hidaya akageuza sikio upande ule, akalirudisha huku, akaligeuza tena, na Semeni hakuthubutu kumshika. Angemshika, angekuwa amemlazimisha, na mji wa kulazimishwa hauhesabiwi.  Akabaki na mikono magotini.

"Una uhakika ni mmoja tu?" akauliza Hidaya. "Mkazi."

"Mmoja tu."

Akawaza mpaka ulimi ukamtoka kwenye pengo.

"Nimepokea," akasema.

Hakikuwaka kitu. Mtoto aliinuka, akavaa ndara akikosea miguu, akatoka nje mbio, boksi ameliacha mkekani uso chini. Semeni alibaki pale alipo. Ng'ambo ya ukuta mdomo ule mpya ulikuwa unasema nimepokea, nimepokea, na miji ya watu bado ilikuwa imemjaa yeye tumboni, mamia yake, kila mmoja na kibao chake cheupe, na hakujua wenyewe atawapata wapi wala kama wangekuja kuidai. Nani atamwelekeza dereva wa mama yake Bwana Faki?  Chini ya kitovu palianza kuwasha, kidogo, kisha sana, kisha kama kisu, naye akapakandamiza kwa viganja viwili akasikiliza mlango.

Nyayo zikarudi uani. Zikasimama. Semeni akahesabu pumzi, lile karibu la mgeni tayari liko ulimini mwake, akimwomba Mungu lisihitajike.

Mlango ukafunguka kwa teke. Ndara moja ikatupwa huku, nyingine kule, na mtu akauliza kuna nini cha kula.